Nani Mshindi? Kadhia za Safari Rally na Mizani ya Muda

Katika Pasaka ya mwaka 1973, baada ya siku na usiku wa matope, mawe na vumbi, motokaa mbili za Datsun zilimaliza Safari Rally zikiwa na hesabu moja ya adhabu, pasiwe na hata dakika ya kuzidiana baina yao. Moja iliendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walikuwa wamehama nchi hiyo mwaka uliotangulia kwa amri ya Idi Amin wakatua Kenya; na ya pili iliendeshwa na Harry Källström wa Sweden, ambaye alikwisha kushinda mashindano ya RAC ya Uingereza mara mbili kwa mfululizo, mwaka 1969 na 1970. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilihesabiwa miongoni mwa mashindano yake, basi hukumu iliyotazamiwa Nairobi ilitazamiwa Ulaya na Japani pia. Waamuzi walirejea kanuni zao, wakapima ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila doa katika kadi yake, wakampa Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, ushindi.

Huku kwetu Lagangabilili, mkoani Simiyu, ambako vijana hubishana juu ya mbio za magari wanazoziona katika televisheni, hukumu ya namna hiyo huonekana kama bahati nasibu tu. Mimi naiona kuwa ni katika hukumu za insafu zilizopata kutolewa katika mchezo huu, na muradi wa makala haya ni kueleza kwa nini, maana asiyeelewa jinsi rally inavyopimwa hawezi kuelewa hata moja ya kadhia zake.

Katika mbio za uwanjani motokaa zote huondoka pamoja, na macho ya watazamaji yenyewe ni ushahidi wa kutosha, kwa kuwa wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi. Rally haina ushahidi wa macho. Motokaa huondoka moja moja, kwa kuachana dakika chache, na kila dereva na msoma ramani wake huchukua kadi ambayo hupigwa muhuri katika kila kituo cha muda njiani. Katika Safari ya zamani wenye mashindano walikadiria muda wa kutoka kituo hata kituo, na aliyechelewa alihesabiwa adhabu kwa kadiri ya dakika alizochelewa. Mwisho wa njia adhabu zilijumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo dereva hakushindana na mwenzake aliye mbele, ambaye pengine hakumwona kwa siku mbili. Alishindana na saa, na saa haikujali kama daraja limechukuliwa na mto au kama ng'ombe mia wamelala barabarani.

Madhali kipimo ni uaminifu kwa saa, ni haki kabisa kwamba wawili wanapolingana apewe ushindi aliyehifadhi kadi yake safi kwa mwendo mrefu zaidi, kwa sababu katika mashindano haya kuchelewa huzaa kuchelewa: anayepoteza dakika mapema huingia katika vumbi la wenzake, hulazimika kukimbia kupita kiasi, hupasua tairi, na kupoteza dakika nyingine. Kujizuia kosa kwa muda mrefu ndiyo kazi yenyewe. Kanuni ya leo ya mashindano ya dunia ni nyingine, kwani wakilingana wawili hutazamwa aliyekuwa na muda bora katika sehemu ya kwanza ya mbio, isiyokuwa ile fupi ya maonyesho. Kanuni hiyo ni rahisi, nayo haina upendeleo, lakini humpa tuzo aliyekuwa mwepesi asubuhi moja. Ile ya zamani ilimpa tuzo mwenye subira.

Subira hiyo ilikuwamo katika nia ya waanzilishi. Husimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika jamaa yake Neil Vincent kwenda kushindana katika uwanja wa Langa Langa nchini Kenya, naye Vincent akakataa, akisema haoni raha ya kuzunguka mahali pamoja, ila kama yatafanywa mashindano ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, yeye atakuwamo. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, mashindano yakafanywa kwa jina la kutawazwa huko, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa ziligawanywa kwa bei zake dukani, ili mwenye gari la thamani ndogo asipimwe kwa mizani ya tajiri, wala hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Naona fahari kuyakumbusha hayo, kwa kuwa haki ya mnyonge ilikuwa ndani ya kanuni tangu siku ya kwanza.

Kisha ipo ardhi, ambayo watu wa Simiyu hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote. Udongo mweusi tuuitao mbuga, ambao katika kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, hunywa maji ya mvua ukavimba na kuwa mzito wenye kunata. Hujaza mistari ya tairi hata ikawa laini kama kigae, kisha hupanda ndani ya kingo za gurudumu na kukandamana humo hata gurudumu likashindwa kuzunguka. Kila aliyewahi kuliona lori la pamba limekaa siku nzima njiani anajua kwamba nguvu ya injini hapo haifai kitu, na kwamba kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo anavyojichimbia. Wazungu wa viwandani waliokuja na magari mepesi yenye nguvu nyingi walifundishwa hayo na masika, kwa kuwa Safari ilifanywa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeanza katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84 zikafika 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 vile vile. Na ajabu ni kwamba katika miaka hiyo miwili mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki, pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari la kawaida ambalo lilitumika hata kwa teksi.

Baina ya miaka hiyo miwili, na baada yake, wapo wengine wasiofaa kusahauliwa. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, akashinda tena 1974 na 1976. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell, nao pia katika Peugeot 404. Mgeni kutoka ng'ambo hakushinda hadi mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort. Mehta naye, baada ya ile hukumu ya 1973, alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katika Safari zilizohesabiwa katika ubingwa wa dunia hakuna aliyepata kuifikia hesabu yake ya ushindi mara tano. Kwa hiyo walionung'unika kwamba alipewa kwa karatasi walijibiwa na barabara yenyewe.

Kadhia iliyo nzito kuliko ya 1973, nami naichukulia kwa uchungu zaidi, ni ile ya msaada. Kadiri viwanda vikubwa vilivyoingia ndivyo vilivyoleta ndege za kupokezana habari kwa redio, magari ya mafundi yaliyojaa vipuri, na hatimaye helikopta zilizoruka mbele ya motokaa kumwambia dereva yaliyo nyuma ya kilima. Dereva wa Nairobi au wa Kampala aliyeweka rehani mali yake ili ashiriki alikuwa na mafundi wawili katika pikapu. Je, hao walikuwa katika mashindano mamoja? Kwa kanuni, ndiyo. Kwa insafu, hapana, na ile hekima ya 1953 ya kutenga matabaka kwa bei ilikuwa imekwisha kuachwa zamani. Ndiyo sababu ushindi wa Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994, na nafasi ya nne ya Patrick Njiru mwaka huo huo, ni mambo yanayostahili kutajwa kwa heshima.

Lakini haki hainiruhusu kuilaumu helikopta bila kusema upande wake wa pili. Barabara za Safari hazikufungwa. Motokaa iliyokwenda kilometa 200 kwa saa ilikutana na basi la abiria, na baiskeli yenye magunia, na mtoto achungaye mbuzi, na watu hao hawakuwa watazamaji walionunua tikiti. Walikuwa wenye barabara. Rubani aliyeona kundi la ng'ombe na kumwonya dereva alimfaidia dereva dakika, na pengine alimwokoa mchungaji. Ulaya ilikwisha kujifunza kwa damu: katika mbio za Le Mans mwaka 1955 walikufa watazamaji zaidi ya 80, na mwaka 1986 watazamaji watatu walikufa katika rally ya Ureno, kisha mwezi Mei Henri Toivonen na Sergio Cresto wakateketea ndani ya gari lao huko Corsica, hata magari yale ya Kundi B, yenye nguvu isiyo na kiasi, yakapigwa marufuku. Kwa hiyo siwezi kuomba helikopta ziondolewe na barabara ziachwe wazi. Lililokuwa dhuluma ni kwamba usalama wa wanakijiji uliachiwa fedha za timu, badala ya kuwa wajibu wa wenye mashindano kwa kila motokaa, ya tajiri na ya maskini.

Msaada wa aina nyingine ni ule wa watu wenyewe. Gari linapozama matopeni katika nchi yetu, wapita njia hulisukuma. Hakuna anayeuliza ni la nani. Kanuni za kimataifa huutazama msaada wa nje kwa jicho kali, na Tommi Mäkinen, bingwa wa dunia, aliondolewa katika matokeo ya Safari ya 1999 kwa kosa la kusaidiwa isivyo halali. Naikubali sababu ya kanuni hiyo, kwa kuwa bila yake tajiri angepanga wasukumaji katika kila korongo. Hata hivyo iliundwa na watu wasiojua barabara ambayo kumwacha mtu amekwama ni aibu, na miaka mingi Safari iliishi kwa auni hiyo bila kuitaja.

Katikati ya miaka ya 1970 njia ilirudishwa ndani ya Kenya peke yake, na baada ya mwaka 2002 Safari ikapoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia kwa ajili ya fedha na maandalizi. Iliporudi Juni 2021, yenye makao Naivasha, ilikuwa na sehemu 18 za mbio, zilizofungwa kwa magari mengine, jumla yake kilometa 320 hivi, ilhali ile ya kale ilipita kilometa 5,000 katika miaka yake mirefu. Wapo wanaosema hiyo si Safari tena. Nami nasema kufungwa kwa barabara ni jambo jema ambalo lilichelewa sana, na wanaoililia barabara wazi wasimame kwanza upande wa mchungaji. Urefu ndio ninaousikitikia, pamoja na Tanzania na Uganda kutokuwamo. Walakini ardhi haijabadilika, kwa kuwa katika mwaka huo wa 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho akiongoza, shokapu ya nyuma ikavunjika katika sehemu ya kwanza ya asubuhi, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota, huku Takamoto Katsuta wa Japani, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kufika jukwaani, akipata nafasi ya pili kwa kuifikisha motokaa yake salama.