Maji ya Bwawa Yameng'aa? Usishangilie Kwanza

Mzee mmoja mwenye bwawa pembeni ya mikoko alinipigia simu kwa furaha: "Bwana shamba, maji yangu sasa yanang'aa, naona mpaka chini!" Nikamuuliza, mzee wangu, sasa samaki wanakula nini?

Mwatiko anakula mwani mdogo, ule unaoyapa maji rangi ya kijani na kutandaza utando chini ya bwawa. Mmoja mmoja hauonekani kwa macho, lakini ndio malisho ya bahari nzima. Ukifa huo, hakuna kamba, hakuna chaza, hakuna samaki.

Adui wake mmojawapo ni madini mazito: shaba, risasi, zebaki na kadimiamu. Shaba kidogo sana mwani unaihitaji, ila ikizidi unashindwa kutengeneza chakula kwa jua na unaacha kuzaana. Tatizo ni kwamba samaki huenda wasielee wamekufa. Wanadumaa tu, nawe unalaumu vifaranga.

Mwani usiokufa nao hunyonya madini hayo. Kamba anakula mwani, samaki anakula kamba, sisi tunakula samaki. Zebaki huzidi kila hatua, na kuchemsha hakuiondoi. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwandani iliyopitia kwenye samaki na chaza.

Nilipofika kwa mzee, nilikuta watu wanakwangua rangi za maboti kando ya mfereji wake wa maji. Rangi nyingi za chini ya boti zina shaba, ndiyo maana viumbe vya baharini havigandi. Lakini maji hung'aa pia kwa kukosa mbolea, kwa hiyo pima kabla ya kulaumu mtu.

Fanya hivi:

- Usiue konokono wa bwawani kwa mrututu. Hiyo ni shaba. Kausha bwawa juani.
- Usioshe bomba la dawa ya ukungu karibu na mfereji.
- Betri mbovu za gari usivunje wala kutupa ufukweni. Zina risasi.
- Maboti yakwanguliwe mbali, juu ya turubai, na mabaki yakusanywe.
- Ukiwa na shaka, peleka maji na tope maabara kupitia ofisi ya uvuvi.

Kumbuka, madini hayaozi. Yakishaingia kwenye tope la bwawa, yatakaa hapo mpaka wajukuu wako walikute bwawa hilo.