SITI: JINA LILILOTOKA WAPI?



Neno la kwanza ambalo wengi wetu tuliliandika kwenye kisomo ni jina. Mwalimu aliandika ubaoni, nasi tukafuatisha herufi moja moja. Lakini je, ni wangapi tunaojua maana ya majina yetu?

Leo tutazungumza juu ya jina moja tu: Siti. Huku bara si jina la kawaida. Unaweza kuzunguka vijiji vitatu usikute msichana hata mmoja anayeitwa hivyo. Pwani na visiwani wapo, lakini hata huko si wengi kama akina Fatuma na Zainabu. Tumelichagua kwa sababu historia yake ina fundisho kwa kila mzazi anayemtafutia mtoto jina.

MAANA YA SITI

Wengine wakisikia "siti" wanafikiri juu ya kiti cha basi. Kweli, kondakta husema, "Ingia mama, siti ya nyuma ipo." Lakini hilo ni neno jingine kabisa. Limetoka katika Kiingereza. Maneno haya mawili huandikwa sawasawa, lakini hayana undugu. Ni kama paa la nyumba na paa wa porini.

Siti, jina la mtu, limetoka katika Kiarabu. Kwa Kiarabu, "sayyid" ni bwana, yaani mtu mwenye heshima au mamlaka. Mwanamke mwenye heshima hiyo ni "sayyida". Mtu akitaka kusema "bibi yangu mheshimiwa", husema "sayyidati". Basi watu walipolitamka neno hili haraka haraka kila siku, likafupika. Likawa "sitti". Kwa Kiswahili tukaliandika Siti.

Wako wanaoliandika kwa t mbili. Mfano ni Mama Sitti Mwinyi, mke wa marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania tangu mwaka 1985 mpaka 1995.

Kwa kifupi, Siti maana yake ni bibi mwenye heshima. Huko Misri neno hili bado hutumika kila siku kumtaja mwanamke. Mwimbaji wao mkubwa, Umm Kulthum, aliyefariki mwaka 1975, walimwita "al-Sitt", yaani Yule Bibi. Kila mtu alijua anasemwa nani.

KWINGINE NI JINA LA KAWAIDA

Dini ya Kiislamu na biashara zilivuka Bahari ya Hindi, na majina yakavuka pamoja nazo. Siti lilifika pwani yetu. Lilifika pia mbali sana upande wa mashariki, katika nchi za Indonesia na Malesia. Huko si jina la nadra hata kidogo. Wazazi wengi huliweka mbele ya jina jingine la binti, kama vile Siti Aminah au Siti Khadijah. Mwimbaji mashuhuri wa Malesia, aliyezaliwa mwaka 1979, anaitwa Siti Nurhaliza.

Kumbe jina unaloliona la ajabu kijijini kwako ni la kila siku kwa wenzako ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo tusicheke jina la mtu kwa sababu tu hatujalizoea.

MTOTO ALIYEITWA MTUMWA

Hapa Afrika Mashariki, ukitaja Siti, wazee watamkumbuka mtu mmoja: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba. Wazazi wake walikuwa watu maskini wenye asili ya bara. Baba alikuwa Mnyamwezi, mama Mzigua. Lakini mtoto huyo alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Hebu tulitazame neno hilo. Limetokana na "tuma". Anayetumwa ni mtumwa. Katika "tuma" tunapata pia "mtume" na "mtumishi". Kwa asili yake, basi, neno lenyewe si tusi. Kilicholiharibu ni biashara ya watu. Mtumwa akawa mtu wa kununuliwa na kuuzwa, anayetumwa bila kuulizwa na bila kulipwa.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini kufunga soko si kuwafungua watu. Wenye watumwa waliendelea kuwa nao. Sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897. Huku Tanganyika ilikuwa mwaka 1922.

Kwa hiyo siku alipozaliwa mtoto wa Fumba, utumwa ulikuwa bado halali. Aliyetawala Unguja wakati huo ni Seyyid Barghash. Seyyid ni lile lile neno "sayyid", yaani bwana. Mtawala aliitwa Bwana. Mtoto wa mfinyanzi aliitwa Mtumwa. Jina moja liko juu kabisa, na jingine liko chini kabisa.

JINA JIPYA

Mama yake alifinyanga vyungu. Binti alivichukua, akatembea kwa miguu mpaka mjini kuviuza, akinadi kwa sauti. Watu wakaanza kuijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, ambaye alimfundisha kuimba. Mtumwa hakujua kusoma wala kuandika. Maneno yote aliyashika kichwani kwa kusikiliza. Taarabu ya nyumba za wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, na wachukuzi, wavuvi na wakulima wakaelewa. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, India, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, kurekodi santuri. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Ni katika kazi hii ya uimbaji ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa. Akaitwa Siti. Sasa kumbuka tulivyosema juu ya asili ya neno hili. Siti na Seyyid ni maneno ya ukoo mmoja! Aliyezaliwa Mtumwa akawa anaitwa kwa neno lenye undugu na cheo cha mtawala.

Je, kila mtu alifurahi? La. Walikuwepo waliomtungia wimbo wa kumkejeli. Walimsema kwa kutoka shamba na kwa kuvaa kaniki, nguo ya watu maskini. Naye akawajibu kwa wimbo. Aliwaambia kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kililiita gazeti lake Sauti ya Siti. Na kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa mkusanyiko wa nyimbo mwaka 2020. Jina la Mtumwa limebaki katika historia yake tu. Jina la Siti linaendelea kuitwa.

NA MAJINA YA WATOTO WETU?

Sasa turudi nyumbani. Vijijini kwetu wako watu wanaoitwa Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Sikujua. Wazazi hawakutoa majina haya kwa ubaya. Mmoja alizaa wakati wa njaa. Mwingine alikuwa amegombana na mumewe. Wengine walikuwa wamezika watoto kadhaa, wakampa mtoto aliyefuata jina baya ili kifo kimdharau na kumpita. Majina hayo ni kumbukumbu ya maisha yao, na yanastahili heshima.

Lakini tufikirie pia upande wa mtoto. Njaa ya mwaka ule ilikwisha, mvua zikanyesha, watu wakavuna. Shida ya mzazi imepita, lakini mtoto bado anaitwa Shida. Ataitwa hivyo shuleni, zahanati, kazini na siku ya harusi yake. Uchungu ulikuwa wa mama na baba, ila mzigo anaubeba yeye.

Je, mwenye jina la namna hiyo aone haya? Hasha! Jina halimfungi mtu. Zamani mabwana waliwaita watumwa wao majina kama Mabruki na Feruzi. Leo ukikutana na Mzee Feruzi hufikirii utumwa. Unamfikiria mzee mwenyewe, na shamba lake, na wajukuu wake. Matendo ya wenye jina ndiyo yameligeuza.

KABLA HUJAMWITA MTOTO

Kwanza, uliza maana. Jina likitoka lugha nyingine, mtafute anayeijua lugha hiyo. Usichukue jina kwa sababu tu limekupendeza masikioni.

Pili, wewe na mwenzako kubalianeni, na wazee wasikilizwe.

Tatu, liandikeni kwa namna moja kila mahali. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Siti, kadi ya kliniki na daftari la shule yaseme Siti, si Sitti wala Siiti. Herufi moja ikizidi, ofisini wanaweza kusema huyu ni mtu mwingine. Kurekebisha jina baadaye kunataka hati na nauli ya kwenda na kurudi. Wewe sasa unajua kusoma. Kabla hujaondoka pale dirishani, kisome cheti herufi kwa herufi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Jina lako lina maana gani? Nani alikupa, na kwa nini?
2. Kwa nini binti wa Fumba hakubaki na jina la Mtumwa?
3. Wako wanaosema jina la shida ni kumbukumbu, lisibadilishwe. Wengine wanasema ni mzigo kwa mtoto. Wewe unaonaje?
4. Chukua vyeti na kadi zote za watoto wako. Je, majina yameandikwa sawasawa?