Mkweche ulivyonitoa jasho uani

Jamani, mkweche wangu ulipoanza kulia ta-ta-ta ukipanda mlima wa Sekenke, nilidhani ni uzee tu. Kumbe wapi! Kufika nyumbani Singida mjini, mama watoto akashuka ameshika kichwa, na mtoto naye hivyo hivyo. Nikashtuka. Moshi ulikuwa unaingia ndani, na ile sumu yake, kaboni monoksaidi, haina harufu.

Kufungua boneti, stadi mbili za manifoldi ya ekzosi zimekatika, zile za pembeni kabisa. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na huko miishoni ndiko kunakovutwa zaidi.

Ubishi ukanipanda. Nikavimwagia visiki mafuta (siyo ya alizeti, msicheke), nikaazima drili. Ikateleza, nusura nitoboe hedi! Hedi ya aluminiamu ni laini, stadi ni ngumu.

Jirani yangu, mzee wa kuchomelea, akanitazama weee, kisha akaguna: "Baba Neema, unachimba kisima?" Akatenganisha betri, akaweka nati juu ya kisiki, akaijaza welding katikati. Ikiwa bado ya moto akazungusha spana taratibu, mbele na nyuma. Kisiki cha kwanza kikatoka. Cha pili kikang'oa nati mara mbili. Ya tatu kikasalimu amri.

Nikafunga stadi mpya na gasketi mpya, nikikaza kuanzia katikati kwenda pembeni.

Jumapili tukaenda Manyoni. Mama watoto akasinzia. Mara tatu nikamwamsha kumuuliza kama kichwa kinamuuma. Ya nne akaninunia.