Kivumishi "irrelevant" na Kitenzi -husu

Sheria ya Ushahidi ya Kenya ya mwaka 1963 huruhusu tu ushahidi wa mambo yanayobishaniwa na ya yale yanayohusiana nayo. Katika mahakama za mahakimu, kama zile za Kitale na Bungoma, lugha ya mahakama ni Kiingereza au Kiswahili. Hapo ndipo tafsiri ya "irrelevant" inapokuwa na uzito.

Tuchukue mathalani mzee katika shauri la shamba, anayeanza kueleza nasaba yake. Akiambiwa "hayafai", hudhani amesema jambo baya. Akiambiwa "hayana maana", huona ametukanwa. Akiambiwa "hayakuhusu", huelewa kuwa anatengwa na mambo ya ukoo wake mwenyewe. Nalo "si hoja" humfanya adhani ameruhusiwa kuendelea.

Kivumishi cha Kiingereza huweza kusimama peke yake, bila kutaja jambo lisiloguswa. Kitenzi -husu hudai yambwa. Yambwa ikiwa ni mtu, kauli huwa karipio; ikiwa ni shauri, huwa maelezo. Basi mkalimani na aseme: "Hayo hayahusu shauri hili." Heshima ya mzee itabaki, naye atapata nafasi ya kuonyesha jinsi nasaba inavyohusu mpaka wa shamba.