Mpangaji Aliye Mwenye Nyumba



Yeyote aliyewahi kupanga chumba mjini ajua yale atafutayo mpangaji: mahali patulivu, kodi anayoimudu, na hakika ya kutofukuzwa. Hilo la mwisho ndilo adimu, nalo liliwasukuma mafundi wa ujenzi wa Ealing, magharibi ya London, kuunda chama chao mwaka 1901, kilichoitwa Ealing Tenants Limited. Kiongozi wao alikuwa Henry Vivian, seremala aliyechaguliwa kuwa Mbunge mwaka 1906. Walianza na nyumba tisa tu. Kufikia mwaka 1915 kitongoji chao, Brentham, kilikuwa na nyumba zaidi ya 600, zenye bustani, viwanja vya michezo na ukumbi wa wanachama. (Fred Perry, bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1934 hadi 1936, alijifunza mchezo huo hapo, baba yake alikuwa katibu wa chama cha siasa cha wanaushirika wa Uingereza.)

Yafaa tuueleze mpango wao taratibu, maana wengi huuchanganya na ule wa kununua nyumba kwa mafungu. Hapakuwa na mwanachama aliyemiliki nyumba yake mwenyewe. Nyumba zote zilikuwa mali ya chama, na mwanachama alikuwa na hisa, huku akilipa kodi kama mpangaji mwingine yeyote. Kodi ilipokusanywa, kwanza zililipwa gharama, matengenezo na riba ya mikopo; kisha wenye hisa wakapata gawio lisilozidi asilimia 5. Ziada iliyobaki iligawiwa wapangaji kwa kadiri ya kodi aliyolipa kila mmoja, kama vile chama cha mazao kitoavyo malipo ya pili kwa kadiri ya kilo zilizoletwa. Lakini mpangaji hakupewa fedha mkononi: fungu lake liliandikwa katika hisa zake mpaka zitimie kiwango kilichowekwa. Aliyehama hakulazimika kutafuta mnunuzi wa nyumba, na aliyeharibu nyumba alijipunguzia ziada yake mwenyewe.

Kasoro ilikuwa katika mtaji. Akiba za mafundi hazikuweza kujenga nyumba mia kadhaa, basi hisa zikafunguliwa kwa watu wa nje. Wengi wao walikuwa na nia njema, wakaridhika na ile asilimia 5. Lakini hisa hurithiwa na kuuzwa, na nia njema haiandikwi katika daftari la hisa. Katika miaka ya 1930 mali ile ikaangukia mikononi mwa kampuni ya nyumba, na baadaye nyumba zikauzwa moja moja kwa bei ya soko. Brentham ingali tulivu, na tangu mwaka 1969 majengo yake yamehifadhiwa kisheria. Ila seremala wa leo hawezi kuishi humo kwa mshahara wake.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka 1997 humpa kila mwanachama kura moja, hata hisa zake ziwe nyingi namna gani. Kinga hiyo ni njema, lakini haituambii mwanachama ni nani. Kwa hiyo Katibu wa chama cha nyumba na afungue masharti ya chama chake, asome kifungu cha uhamishaji wa hisa: je, hisa za aliyehama zaweza kuuzwa kwa mtu asiyekaa humo? Kifungu kikiwa kimya, jambo hilo lipelekwe katika mkutano mkuu ujao, kabla hajatokea mnunuzi.