Jaduong', Mikayi na Nyar: Majina ya Heshima Kisiwani Rusinga

Ukivuka daraja la Mbita kuingia Rusinga, kisiwa ambako Kijaluo huzungumzwa, utamsikia mtu akiitwa kwa heshima kabla hujalijua jina alilobatizwa. Mwanamume mwenye mvi ni Jaduong'. Asili yake ni duong', yaani ukubwa. Wakiwa wengi ni jodongo. Kijana anayempita mzee bila kumwita hivyo huonekana hana adabu, hata awe na shahada ngapi.

Kuanzia kwenye umri si kwa Wajaluo peke yao: Waitaliano nao walifanya hivyo. Signore, wanavyomwita mwanamume wanayemstahi, imetokana na Kilatini senior, aliyewazidi wengine miaka. Kanisani jina hilo hilo ni la Mungu. Wajaluo kwa Bwana Yesu walichagua Ruoth, neno la mtawala, ambalo enzi za ukoloni waliitwa pia machifu wa serikali.

Lakini utajiri hasa wa majina haya uko kwa wanawake. Donna ya Kiitaliano inatokana na domina, mwenye nyumba, na hapo inakaribiana na mikayi, mke wa kwanza. Nyumba yake hutazamana na lango la boma. Msimu wa kupanda ukifika, kwa desturi yeye ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Nyachira, mke wa pili, na reru, wa tatu, humsubiri. Heshima yake imefungamana na wajibu ambao hakuna mwingine awezaye kuutimiza kwa niaba yake.

Kisha kuna nyar, binti wa. Mwanamke wa kisiwani aliyeolewa Migori huko ataitwa nyar Rusinga, sokoni akipima omena, yaani dagaa, na hata akiwa bibi wa wajukuu. Akizaa ataitwa pia Min Otieno au Min Akinyi, kwa jina la mwanawe. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika desturi hii: ndoa haimfutii mwanamke kwao.

Vyeo vya uongozi vina njia yake. Ufukweni, mwenyekiti wa wavuvi ni jakom, kutokana na kom, kiti. Kenya nzima ililizoea jina hilo kupitia mwanasiasa Raila Odinga. Baba yake, Oginga, alijulikana kama Jaramogi, mtu wa Ramogi, babu wa Wajaluo, na miaka ya 1950 alikuwa Ker, kiongozi wa jumuiya ya Luo Union. Ujakom hausubiri mvi. Kijana akichaguliwa, wazee humwita hivyo kikaoni. Kikao kikiisha, yeye ndiye anayewaamkia kwa Jaduong'.