Macho ya Msikilizaji

Mtu akaaye Mlali, katika nchi kame ya Dodoma, hawezi kuuona mpira unaochezwa Nairobi. Lakini akiwasha redio na kutega sikio, hujua mara nani anao mpira, anakwenda upande gani, na kama lango li karibu au mbali. Ameazimwa macho ya mtu mwingine, naye mtu huyo ni mtangazaji.

Kazi hiyo si nyepesi. Macho hufuata mpira, na ulimi hufuata macho. Mtangazaji sharti awajue wachezaji wote 22 kabla filimbi haijapigwa. Akinyamaza, msikilizaji yu gizani. Akisema uongo, msikilizaji hana njia ya kuujua. Kwa hiyo mtangazaji apaswa kuwa mtu wa kuaminiwa.

Katika Afrika ya Mashariki, mmoja aliyesifika sana kwa kazi hiyo alikuwa Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa mwaka 1940 huko Freretown, karibu na Mombasa, mahali ambapo Wamisioni waliwakalisha watumwa waliokombolewa. Naye alikuwa wa uzao wa watu hao. Mwaka 1964 aliingia katika Sauti ya Kenya, akatangaza mipira kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alianza kipindi kiitwacho "Je, Huu ni Uungwana?", cha kuwafundisha watu adabu njema, nacho kilidumu zaidi ya miaka 50.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa jeshi la anga walimchukua, wakamlazimisha kwa bunduki kutangaza ya kuwa serikali imepinduliwa. Kwa nini walimtaka yeye? Silaha walikuwa nazo, lakini hawakuwa na sauti ambayo watu wameizoea na kuiamini. Siku ile ile majeshi ya serikali yaliwashinda.

Baada ya hayo Mbotela aliendelea na kazi yake, na watu waliendelea kumsikiliza, kwa kuwa walimjua tangu zamani. Alifariki tarehe 7 Februari 2025, mwenye umri wa miaka 84.

Watoto wachezapo mpira wa matambara, mara nyingi mmoja wao husimama kando akiutangaza mchezo. Mtoto huyo na aseme yale tu aliyoyaona, kwani hiyo ndiyo heshima ya kazi yenyewe.